Rangi, Chuma Chakavu na Mashine ya Mama Mkwe

Mlima Kilimanjaro niliuchora mara ya kwanza kabla sijauona, na juu yake nikaweka ugali.

Msinicheke mapema, wanangu, maana ya kuchekwa bado yako mengi. Nilikuwa Lubumbashi, msichana wa miaka ishirini na kidogo, nafanya kazi kwa baba mdogo aliyekuwa akichora mabango ya maduka na picha za kutundika sebuleni. Siku moja akaingia dereva wa lori, kijana mrefu, mpole, Kiswahili chake kimenyooka kama rula. Alitaka lori lake lichorwe nyuma mlima wa kwao. "Ni mkubwa, umekaa peke yake, na juu una theluji," akasema. Theluji nilikuwa siijui, nikamuuliza inafananaje. Akafikiri. "Nyeupe. Imelala juu kama kitu kilichomwagwa."

Basi nikachora mlima mkubwa, umekaa peke yake, na kileleni nikamwaga ugali. Ugali wa moto, unafuka mvuke, na pembeni bakuli la mboga, maana ugali mkavu unatia huruma.

Dereva aliutazama muda mrefu. Kisha akasema, "Dada, njaa yako ni kubwa kuliko mlima wetu." Lakini hakuufuta. Alizunguka nao Zambia nzima, na kila kwenye mizani ya malori wanamuuliza hiyo hoteli iko wapi. Safari ya tatu alikuja na wajumbe wa kuniposa. Jina lake Elisante, ndiye mume wangu mpaka leo, na ndiyo sababu mimi mtoto wa Katanga nimezeekea Old Moshi kwenye migomba ya watu.

Ninyi vijana mnapanda huku na bodaboda kuniuliza, "Bibi, sanaa uliianzaje?" Halafu mnanisogezea simu mdomoni. Mimi nikiona simu nasahau hata jina langu, ndiyo maana nimeamua kuandika. Nimeacha kazi tangu mkono wa kulia uanze kutetemeka. Sikufanyiwa sherehe ya kustaafu, kwa sababu bosi nilikuwa mimi na mfanyakazi nilikuwa mimi, na wote wawili tulikuwa tumechoka.

Niliingia nyumba hii kwa mguu mbaya. Njia nzima kutoka Tunduma Elisante alinifundisha kusema shikamoo. Kwetu hatuna neno hilo. Nililirudia mpaka nikaliota. Tulipofika, mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni na mashangazi watatu, wote wamejifunga vitenge vya kanisani. Shikamoo ikapotea kichwani. Nikanyoosha mkono kama tunavyofanya kwetu, nikasema, "Jambo, mama. Uko muzuri?"

Mashangazi wakatazama chini. Mama mkwe akanipima kuanzia nywele mpaka viatu.

"Uzuri uliisha zamani," akasema. "Ingia ule."

Huyo ndiye Mama Ndeshi, na ni yeye nitakayemsimulia zaidi, ingawa ninyi mlikuja kuuliza habari za rangi. Alikuwa Mlutheri wa kweli, anasali asubuhi na jioni sebuleni. Mimi nilikuwa nimetundika humo sebuleni picha yangu ya kwanza niliyochora huku: mbuni wa kahawa ambao badala ya matunda una macho. Mekundu kidogo, kama kahawa inayoiva. Niliipenda sana. Yeye hakuniambia lolote, ila niliona kwamba akitaka kusali anaigeuza picha iangalie ukuta. Nikamuuliza kwa nini.

"Mimi nikifumba macho, yeye yake yako wazi," akasema.

Lakini alikuwa mtu wa haki. Akisema amina tu, anaigeuza tena itazame watu.

Mnaniuliza kwa nini nachora vitu visivyokuwepo. Sina jibu kubwa. Baba mdogo alinifundisha kwamba mteja hatundiki ukutani kitu alichonacho uani. Mtu mwenye ng'ombe hataki picha ya ng'ombe. Mpe ng'ombe anayecheza bao, hapo ataita majirani waje kuona. Nililishika fundisho hilo vizuri kupita kiasi, na ndilo lililonitia aibu kwenye soko la Kwa Sadala.

Kwa Sadala palikuwa na mwenye bucha, baba mmoja mnene, mcheshi, aliyetaka ng'ombe achorwe ukutani. Aliniachia ufunguo akaenda mnadani. Mimi nikachora ng'ombe mzuri, wa madoa, amekaa mezani, amejifunga leso shingoni, anakula nyama choma kwa uma. Nilimaliza saa nane mchana nikasimama barabarani kujipongeza. Mwenye bucha akarudi. Akatazama. Siku hiyo ya soko watu walikuwa wameshajaa, wanatazama na wao.

"Mama," akasema taratibu, "huyu ng'ombe anamla nani?"

Kusema kweli sikuwa nimefika huko. Kwenye kichwa changu ilikuwa ni furaha tu, meza, na mtu anakula vizuri. Mama mmoja aliyekuwa amekuja kununua kilo moja akaahirisha. Mwingine akasema heri akale maharage. Ikabidi nirekebishe hapohapo, watu wanasubiri. Nikaifuta nyama, nikamwekea ndizi. Wiki nzima watu wakaingia kwenye bucha ile kuulizia mkungu wa ndizi. Tangu siku hiyo sikuanza kazi ya mtu bila kuchora kwanza kwenye karatasi na kumwonyesha. Nanyi fanyeni hivyo, hata kama mnajiona mna kipaji. Hasa kama mnajiona mna kipaji.

Na kwa kuwa mmekuja kutafuta ujuzi, shikeni na hili: bati jipya halipendi rangi. Lina mafuta yake ya kiwandani. Ukilipaka vilevile, msimu mmoja wa mvua unatosha, rangi inabanduka kama ganda la kiazi kilichochemshwa. Lisugue kwanza kwa siki, lisuuze, lianike mpaka likauke kabisa. Mimi nilijifunza baada ya saluni moja mjini kubaki na bango la mwanamke mwenye nywele nzuri sana na uso umeanguka.

Kazi ya mabango ilinilisha miaka mingi, kisha zikaja mashine za kuchapisha. Mteja anaingia asubuhi na picha kwenye simu, mchana anatoka na bango la plastiki linalong'aa, ng'ombe anaonekana unywele kwa unywele. Mimi ng'ombe mmoja namchora siku mbili, na bado anaweza akawa anacheza bao. Sikuwalaumu wateja. Ila nilikuwa na miaka arobaini na tano, brashi zimekauka kwenye kopo, na sikujua kazi nyingine.

Siku moja nikashuka mjini, Pasua, kwa Fundi Shabani, kuchomelewa fremu ya bango. Bango la mwisho, ingawa sikujua kwamba ni la mwisho. Fundi Shabani alikuwa mzee mfupi, mwenye kibaragashia kilichotobolewa na cheche za moto, anatengeneza mageti. Nusu ya mageti ya Moshi yana ua moja lilelile, na ua lile ni lake. Nikiwa nasubiri, nikatazama rundo lake la vyuma chakavu, nikamwona ndege. Korongo, shingo ameikunja, mguu mmoja ameuinua.

"Fundi," nikasema, "yule ndege unamuuza?"

"Ndege gani?"

"Yule pale, kwenye chakavu."

Akatazama rundo. Akanitazama mimi, akaniita kwa jina la mwanangu kama wote huku. "Mama Aikande, leo umekunywa chai?"

Nikaenda nikautoa usukani wa baiskeli, nikaushikiza kwenye rimu iliyopinda, nikauinua juu. Akasogea akautazama. Kisha akasema, "Shingo iko kweli. Miguu utaitoa wapi?" Hapo ndipo nilipoanza kazi ya chuma, kwa ajili ya swali hilo.

Aliniambia kitenge nikiache nyumbani, nije na ovaroli. Mwezi mzima hakunipa kushika mashine. Nilichagua vyuma na kusikiliza tu. "Funga macho usikilize," alikuwa akisema. Chuma kikichomelewa vizuri kinalia kama maandazi kwenye mafuta, mfululizo. Kikilia kama mtu anayetema mate, simama, umeme wako mdogo au mkono wako uko mbali. Mpaka leo nikipita mtaani nikasikia mtu anachomelea, naweza kuwaambia geti hilo litadumu au litaanguka. Ni ujuzi usionisaidia kitu siku hizi, lakini ninao.

Alinikataza pia kutazama ule mwanga bila kioo cheusi. Mimi nikautazama kidogo tu. Mnajua kidogo tu ilivyo. Kesho yake asubuhi nikaamka macho yamejaa mchanga, machozi yanatiririka, siwezi kufumbua. Mama mkwe alikuja na kiazi kibichi na kisu, akakata vipande vyembamba, akanibandika machoni. Alikaa kitandani kwangu mpaka mchana, vipande vikipata joto anabadilisha.

"Huko kwenu hakuna jua la kutazama?" akaniuliza.

"Lipo, mama."

"Basi ungelitazama hukohuko ukaja huku umeshajifunza."

Alisema hivyo huku ananishika paji la uso. Ninyi msifanye mambo ya viazi, nendeni hospitali, kiazi kinapoza tu. Lakini mimi sikusahau ule mkono. Ndiyo maana nilichomfanyia baadaye kinaniuma mpaka leo nikikieleza.

Miaka mitatu baadaye nilikuwa nimeshajulikana. Korongo wangu walisimama kwenye bustani za hoteli, na kuna mbuzi mmoja wa spana tupu aliyesafiri mpaka Arusha. Chama cha wakulima wa kahawa cha hapa kwetu kilikuwa kimejenga ghala jipya, wakataka sanamu uwanjani. Mwenyekiti wao, Mzee Anaeli, alikuja mwenyewe kunieleza, amekaa kwenye kiti bila kuegemea. Mkulima wa kahawa. Mwanaume. Amesimama wima, jembe begani, anatazama mbele. Nikachora kwenye karatasi, nikamwonyesha, akakubali. Mnaona nilivyokuwa nimejifunza.

Nikaomba kitu kimoja: kila nyumba ilete chuma kimoja kilichovunjika. Yakaja majembe, masufuria yasiyo na mkono, mapanga, fremu za baiskeli, kengele za ng'ombe, bomba la jiko. Nikapata karibu kila kitu ila kifua. Nilitaka kifua kinene, chenye uzito. Na nyuma ya banda la ng'ombe la mama mkwe palikuwa na mashine ya zamani ya kumenyea kahawa, ile ya kuzungusha kwa mkono. Ina kutu kila mahali. Kuku wawili walikuwa wanatagia ndani yake. Kitu ambacho kuku wanatagia ndani, mimi nilikihesabu ni chakavu.

Mama mkwe alikuwa amekwenda Kahe kwa dada yake. Nikayatoa mayai, nikayapeleka jikoni kwa heshima zote. Kisha nikachukua grenda, ile mashine ya kukatia chuma, nikaikata mashine ya kahawa vipande vitano.

Alirudi Jumamosi mchana. Hakukaa hata kunywa maji, alikwenda moja kwa moja kuokota mayai. Nikamsikia amesimama kule nyuma.

"Mama Aikande, mayai yako wapi?"

"Nimeyaweka jikoni, mama."

Akazunguka banda akanifuata.

"Na mashine?"

Nilimwonyesha. Nilikuwa bado nimevaa ovaroli. Alitazama vile vipande, akainama, akakiokota kimoja, akakirudisha chini polepole kama yai. Akaingia ndani na kufunga mlango taratibu. Angeubamiza ningepata nafuu.

Elisante ndiye aliyenieleza, ameshika kichwa. Mashine ile baba yake aliinunua mwaka wa kwanza wa ndoa yao. Aliipandisha kutoka mjini yeye na wanaume wawili, wakipokezana. Ilikuwa ya kwanza mtaa huu, majirani walikuwa wanapanga foleni uani na ndoo zao za kahawa mbivu. Watoto sita wamesoma kwa mashine ile.

"Kwa nini hukuniambia?" nikamuuliza.

"Wewe hukuniambia unaikata."

Nikaenda nyuma nikavikusanya vile vipande.

Wiki mbili Mama Ndeshi hakusema nami. Alisema na ng'ombe. Alikuwa na ng'ombe wa maziwa anaitwa Malkia, na kila asubuhi nikiwa jikoni namsikia kule bandani, sauti ya kutosha kunifikia. "Malkia, mwambie anayepika kwamba mtori jana ulizidi chumvi." Nikapunguza chumvi. Kesho yake: "Malkia, kula taratibu. Wewe una bahati, bado hujakatwa." Elisante alikuwa anacheka kwenye migomba, anafikiri simwoni. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimekaa nyumba ile zaidi ya miaka ishirini, nimezaa humo, nimezoea hata baridi ya Julai, na kwa mara ya kwanza nikajisikia tena yule msichana aliyesahau shikamoo mlangoni. Nikawaza kumbe mtu anaweza kukaa mahali muda wote huo na bado asijue kitu gani cha kutogusa.

Jirani akanifundisha la kufanya. Huku Uchagani ukimkosea mtu unampelekea jani la isale, lile refu linalopandwa kwenye mipaka ya mashamba. Akiletewa jani hilo hawezi kukataa msamaha. Nikalikata, nikalifunga fundo kama nilivyoelekezwa, nikapiga magoti barazani. Mama mkwe akalipokea kwa mikono miwili. Akalitazama.

"Jani nimelipokea," akasema. "Mashine sijaipokea."

Nikapakia vipande kwenye kiroba nikashuka navyo Pasua. Fundi Shabani alivigonga kwa nyundo ndogo, kimoja kimoja, ameinamisha sikio.

"Hiki si chuma cha geti," akasema. "Hiki kilimiminwa kikiwa uji. Ukikichomelea kwa haraka kinapasuka. Hakitaki mtu mwenye haraka."

Sikumsikiliza vya kutosha, maana nilikuwa na haraka. Nikachomelea kipande cha kwanza, mstari mzuri, umelala vizuri, nikajisifu. Kikiwa kinapoa tukasikia tak, kama mtu amevunja fimbo. Ufa mpya, pembeni kabisa ya mstari wangu.

"Haya, sasa tuanze," akasema Fundi, na akavuta kigoda akakaa.

Wanangu, shikeni vizuri hapa. Chuma cha namna hiyo unakipasha moto chote kwanza kwenye mkaa, si pale penye ufa tu. Unatumia vijiti vya kuchomelea vya aina yake, vya geti havifai. Unachomelea kidogo, urefu wa ukucha, unaacha, unakigonga kwa nyundo taratibu, unarudi tena urefu wa ukucha. Ukimaliza unakifukia kwenye majivu, na huendi kuchungulia. Siku mbili. Mimi siku hizo mbili nilizimaliza nikifagia karakana ambayo ilikuwa imeshafagiwa.

Ikashika. Ikarudi kuwa mashine, ina makovu kama mtu aliyefanyiwa upasuaji, lakini mpini unazunguka. Tukatafuta ndoo ya kahawa mbivu, tukaijaribu. Kahawa ikatoka imepondwa kama uji, maganda na buni pamoja. Lile bati la ndani lenye meno lilikuwa limepinda kwa moto, na Fundi akatikisa kichwa. Haitamenya tena kahawa.

Elisante akanishauri nimwambie mama yake kwamba imepona, tuirudishe nyuma ya banda, kuku watage. Nani angejua? Nililifikiria shauri hilo kutwa nzima, na lilikuwa tamu. Kisha nikaenda bandani mama mkwe akiwa anakamua.

"Mama, mashine nimeiunga. Inazunguka. Lakini haimenyi tena, na haitamenya. Nimeiharibu."

Aliendelea kukamua. Malkia naye alikuwa ametulia, kama anayesubiri kupewa ujumbe wa kufikisha. Mwisho mama mkwe akasema, kwangu mimi, si kwa ng'ombe, "Kesho nipeleke nikaione."

Alivaa nguo za kanisani kwenda karakana ya Pasua. Fundi Shabani alimpa shikamoo mara mbili na kumfutia kiti kwa kofia yake. Hakukaa. Alikwenda kwenye mashine, akapitisha kidole kwenye makovu, kisha akashika mpini akazungusha. Tupu, bila kahawa. Akazungusha, akazungusha, amefumba macho.

"Sauti ni yenyewe," akasema.

Kisha akaanza kuongea, mpini bado mkononi. "Marehemu aliinunua, hilo ni kweli. Na kuibeba aliibeba. Lakini kuizungusha hakuizungusha hata siku moja. Bega lake lilikuwa linauma kila msimu wa kahawa. Msimu ukiisha, bega linapona."

Fundi Shabani akaenda nyuma ya geti alilokuwa analitengeneza, akakaa huko kidogo.

"Mpini huu ni mkono wangu," akasema mama mkwe. "Alfajiri kabla ya ng'ombe, na jioni baada ya ng'ombe. Nilikuwa naichukia. Alipokufa nikashindwa kuitupa." Akageuka akaiona sanamu yangu, imesimama pembeni haina kifua, jembe begani. "Na huyu ni nani?"

"Mkulima wa kahawa, mama."

Akamzunguka. "Mbona simfahamu?"

Nilimrudisha nyumbani, nikarudi karakana, nikambomoa yule bwana wa jembe, nimuunde upya. Hapo ndipo nilipovunja sheria yangu mwenyewe ya kumwonyesha mteja karatasi kwanza, na nilijua naivunja. Wiki sita nilifanya kazi kama niliyeamriwa. Sketi ikawa ya mapanga, yamepangwa kama marinda. Vidole, meno ya uma wa kulimia. Kichwa, kopo la maziwa. Juu ya kichwa mkungu wa ndizi, na kila ndizi ni kengele ya ng'ombe. Na kifuani nikaiweka mashine nzima, mpini umetokeza ubavuni, nikaufunga mnyororo wa baiskeli ndani, ili mtu akizungusha mpini, mkungu utikisike na kengele zilie.

Tuliikabidhi Jumapili baada ya ibada. Uwanja wa ghala umejaa. Turubai likavutwa. Mzee Anaeli aliitazama, akatoa ile karatasi yangu mfukoni, akaifungua, akatazama karatasi, akatazama sanamu.

"Tuliagiza mwanaume," akasema.

"Ndiyo, mzee."

"Huyu amevaa sketi ya mapanga."

"Ndiyo, mzee."

"Na kifuani ana mashine."

Wajumbe wa kamati wakaanza kunong'onezana Kichaga, wanafikiri Mkongo hasikii. Mkongo alikuwa anasikia. Mmoja alisema hiyo sanamu niipeleke kwetu nikaisimike huko. Nilikuwa nimeshaanza kuhesabu kichwani nitaanza kufungua wapi, kengele kwanza au kichwa.

Bibi mmoja akasogea, akaweka mkono kwenye bega la sanamu. "Hii ni sufuria yangu," akasema. "Mkono wake ulivunjika siku ya harusi ya Joyce." Mwingine akapiga magoti kwenye sketi anatafuta panga la mumewe. Mzee mmoja akaitambua baiskeli yake kwenye mbavu, akaanza kuwaeleza watu alivyoanguka nayo. Kamati ikabaki peke yake imesimama na heshima zake, wengine wote wameizingira sanamu, kila mtu anaonyesha cha kwao.

Mzee Anaeli akasogea kuukagua mpini. Alitaka kuona kama umeshika, maana ndiyo kazi ya mwenyekiti. Akazungusha mara moja. Kengele zikalia. Akaacha. Akazungusha tena, polepole, ameinamisha kichwa.

"Ile ya tatu," akasema. "Ile ni ya ng'ombe wa mama yangu."

Akazungusha tena. Mama mkwe, aliyekuwa amekaa mstari wa mbele, akamwambia, "Zungusha kulia, Anaeli. Kushoto utaivunja."

Akazungusha kulia. Baadaye akamwita katibu. "Andika kwamba imepokelewa."

Katibu akauliza, "Niandike sanamu ya mkulima mwanaume au mwanamke?"

Mzee Anaeli akafikiri. "Andika mkulima," akasema.

Ningeweza kuishia hapo, na wengi wenu mnaokuja na simu huwa mnaishia hapo. Lakini kazi ninayoipenda kuliko zote nilizofanya hamjawahi kuiulizia, kwa sababu haiko uwanjani.

Miaka ya mwisho Mama Ndeshi miguu ilimkataa. Alikuwa anakaa barazani kutwa, blanketi magotini, anawaamuru kuku. Asubuhi moja akasema, "Mama Aikande, nichore."

Nilishtuka. Hakuwa amewahi kuniomba picha. Nikaamua kwamba safari hii nitajizuia: nikamchora kama alivyo, kiti, blanketi, kilemba, mikono magotini. Wiki nzima. Ni picha sahihi kuliko zote nilizowahi kuchora, hata makunyanzi niliyahesabu. Nikamletea. Aliishika mbali, akaisogeza karibu.

"Ndiyo mimi," akasema. Hakufurahi.

"Kuna kasoro, mama?"

"Wageni unawachorea maajabu. Mimi umenichorea kiti."

"Mama anataka nini?"

Akatazama chini kuelekea uwanda, kule jua linakowaka na mlima unakokwisha. Akaniambia kwamba miaka thelathini aliteremka huko kuelekea Kahe kukata majani ya ng'ombe, akapanda nayo kichwani, mwendo wa kutwa, mimba au bila mimba. "Nichore nimekaa hapahapa barazani, nakunywa chai," akasema. "Lakini mikono uifanye mirefu. Itelemke, ipite kwenye migomba, ipite mjini, ifike Kahe, ikate majani huko, inirudishie. Mimi sitainuka."

Nikachora. Kwenye turubai nilichora mikono inapita juu ya mapaa ya Moshi, inapita kituo cha mabasi, watu wanainama kuipisha. Kila siku jioni alikagua imefika wapi. Ilipofika kwenye mashamba ya mpunga ya Kahe nikamletea nikijua nimemaliza.

Akaifuata kwa kidole, kuanzia begani mpaka vidoleni. Akatikisa kichwa.

"Wa kulia ongeza. Majani mazuri yako ng'ambo ya mto."

"Turubai limeisha, mama."

"Kwani hujui kushona?"

Nikashonea la pili. Baadaye nikashonea la tatu.